Uvimbe shingoni: Picha huelekeza, sindano huthibitisha

KWA mkazi wa Kalangalala, mjini Geita, uvimbe unaojitokeza shingoni huzua swali moja zito: je, ni rovu la kawaida au ni saratani?

Kipimo cha kwanza cha picha ni ultrasaundi. Kifaa kidogo hupitishwa juu ya ngozi na kutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo hugonga tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, kisha hurudi na kugeuzwa kuwa picha. Kwa kuwa hakuna mionzi, hata mjamzito hupimwa bila hofu.

Kila tishu hurudisha mwangwi kwa namna yake. Maji huonekana meusi, na kivimbe chenye maji matupu kwa kawaida si cha hatari. Kinachotiliwa shaka ni kivimbe kigumu, cheusi kuliko tezi inayokizunguka, chenye kingo zisizo sawa au punje ndogo nyeupe za chokaa.

Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya vivimbe hivyo si saratani. Ndiyo maana picha pekee haitoi hukumu, bali humwonyesha daktari kivimbe kipi kichomwe sindano nyembamba ili seli zake zichunguzwe kwa hadubini.

Picha iliyosomwa vizuri humwepusha mgonjwa na upasuaji usio wa lazima, pamoja na gharama za safari ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Aidha, humwahisha yule ambaye kuchelewa kungemgharimu maisha.