Mbwa wa manyoya ya kipilipili: Piga hesabu kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mkulima wa Kinole au Matombo hahitaji kuelezwa faida ya mbwa. Mahindi yakianza kubeba, nyani na ngedere hushuka kutoka msituni mchana, na usiku ni zamu ya nguruwe pori. Asiye na mbwa hulala shambani, la sivyo huvuna mabua. Hata mfanyabiashara mdogo wa mjini Morogoro, mwenye duka au banda la kuku, anajua kuwa kufuli peke yake haitoshi.

Ndiyo maana mtu akisikia kuna watoto wa mbwa "wa kizungu" wanauzwa, huenda kuwatazama. Miongoni mwa wanaovutia macho ni wale wenye manyoya ya kipilipili, waliozalishwa kwa kazi ya majini. Wengi waliwafahamu Aprili 2009, familia ya Rais Barack Obama wa Marekani, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, ilipopokea mbwa aitwaye Bo kutoka kwa Seneta Edward Kennedy. Bo alikuwa mbwa wa maji wa Ureno, jamii iliyokuwa ikiwasaidia wavuvi kuswaga samaki na kuokota nyavu zilizopotea.

Swali la mkulima ni moja: je, mbwa wa aina hiyo atanifaa hapa kwetu?

Kaumbwa kwa maji baridi

Tumchukue yule wa Uingereza, Curly Coated Retriever, ambaye ni wa jamii ya zamani ya mbwa wa kuokota windo. Mwindaji akipiga bata akaanguka ziwani, mbwa huyu huogelea na kumleta mdomoni bila kumtafuna. Dume hufikia kimo cha sentimita 69 hivi begani. Rangi yake ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Vipilipili vidogo vilivyobana humfunika mwili, isipokuwa usoni na mbele ya miguu, na humkinga na maji ya baridi pamoja na miiba.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Hupunguza joto kwa kuhema, ulimi nje. Huko Nyandira, tarafa ya Mgeta, ambako watu huvaa makoti mwezi wa Julai, koti lake ni msaada. Mjini Morogoro, chini ya milima, mchana wa Januari koti hilo ni mzigo. Ukimfuga huko, mpe kivuli na maji wakati wote, na mazoezi yawe alfajiri na jioni.

Tunao mfano mzuri wa mnyama wa nchi ya baridi aliyekubali Uluguru. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walifikishwa Mgeta na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) katika miaka ya 1980, na hadi leo ni tegemeo la kaya nyingi. Lakini mbuzi hao hujengewa banda, hukatiwa majani na hupewa dawa kwa wakati. Mnyama mgeni hustawi pale matunzo yanapofuatana naye.

Manyoya, masikio na kupe

Mbwa wa kipilipili wa Uingereza usimchane kila siku. Chanuo hufumua vipilipili na kumwacha ametimka. Loanisha manyoya kwa maji, kisha sugua kwa mkono kwa mzunguko ili yajikunje tena. Yule wa Ureno ni kinyume: manyoya yake hukua kama nywele za mtu, hivyo lazima achanwe na kukatwa mara kwa mara.

Wote wawili wana masikio yanayoning'inia. Akitoka kuogelea mtoni, yakaushe kwa kitambaa kikavu. Ukiona anatikisa kichwa ovyo au sikio linatoa harufu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Adui mkubwa ni kupe, kwa kuwa hujificha chini ya vipilipili usiwaone. Mpapase kwa vidole kila jioni: nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Ondoa na mbegu za kishona nguo. Kupe huleta magonjwa yanayoharibu damu. Dalili zake ni homa, ufizi kuwa mweupe na kukataa chakula. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia kipimo, maana unaweza kumuua. Na kwa wanaoishi tambarare kwenye mbung'o, mbwa akikonda huku jicho likifanya ukungu, usisubiri.

Chakula na minyoo

Mbwa mkubwa hula sana. Ugali mtupu haumtoshi. Changanya dagaa, mabaki ya nyama au samaki. Jambo la kuepuka kabisa ni kumpa mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa tu hayafai kuliwa na watu. Sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, huharibu ini la mbwa upesi. Vitunguu pia ni sumu kwake.

Mfugaji wa mbuzi na kondoo awe makini zaidi. Usimtupie mbwa vichwa na matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa. Humo mna vifuko vya minyoo ya tegu. Mbwa akivila, minyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mbuzi huyameza malishoni. Baadaye kifuko huota kwenye ubongo wa mbuzi, akaanza kuzunguka mahali pamoja hadi kufa. Wamasai huuita ugonjwa huo ormilo. Dawa ya minyoo kwa mbwa kila miezi mitatu ni nafuu kuliko mbuzi mmoja.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha

Gharama nyingine zote unaweza kuzipunguza, ila si hii. Mtoto wa mbwa achanjwe kichaa akifika miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata kuhusu kampeni za chanjo, ambazo mara nyingi hufanyika karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28. Walio karibu na mjini wanayo pia hospitali ya wanyama ya SUA.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali akachanjwe. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa.

Hesabu ya mwisho

Bei ya kununua ni sehemu ndogo tu. Ongeza chakula, chanjo, dawa za kupe na minyoo, na muda wako. Mbwa wa kipilipili ana nguvu na akili. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa atabweka bila sababu na kuharibu mali. Kama huna nafasi ya kumkimbiza wala mtu wa kumpapasa kupe, mwache.

Kwa kazi ya kufukuza nyani, mbwa wetu wa kienyeji mwenye manyoya mafupi anatosha. Amezoea joto, hula kidogo na kupe wake huonekana. Akipewa matunzo haya haya yaliyotajwa hapa, wengi watashangaa kazi atakayofanya.

Ukiamua kununua wa kigeni, usimchukue kabla ya kutimiza wiki nane, omba kumwona mama yake, na dai kadi ya chanjo. Nawe unayefanya biashara ya watoto wa mbwa, kadi hiyo ndiyo itakayomrudisha mteja. Anayeuziwa mtoto akafa kwa pavo ndani ya wiki moja hatarudi tena, na majirani zake nao hawatakuja.