Maji ya kuoshea banda la nguruwe yanaishia wapi?

Ufugaji wa nguruwe umelipa ada za watoto wengi. Nguruwe huzaa watoto wengi kwa mara moja, hukua haraka, na kitimoto haikosi mteja. Ndiyo maana pembezoni mwa miji yetu utakuta banda la nguruwe wanne, sita au kumi nyuma ya nyumba ya kuishi, hatua chache kutoka jikoni na kisimani.

Kila asubuhi banda hilo huoshwa. Maji ya kahawia hutoka chini ya mlango, hufuata mfereji, kisha hupotea ardhini au kwa jirani wa bondeni. Familia nyingi huona kazi imeisha hapo. Kumbe maji hayo yana safari ndefu, na anayeweza kuumia kwanza ni mtoto mdogo kuliko wote nyumbani.

Hesabu ya nguruwe sita

Nguruwe anayekua, mwenye uzito wa kilo 60 hivi, hutoa takribani kilo 4 hadi 5 za kinyesi na mkojo kwa siku. Nguruwe sita watatoa kilo 24 hadi 30 kwa siku, yaani kilo 720 hadi 900 kwa mwezi. Ukiosha banda kwa ndoo tano za lita 20 kila siku, unaongeza lita 3,000 za maji machafu kwa mwezi.

Ndani ya uchafu huo kuna naitrojeni na fosforasi, virutubisho vilevile unavyolipia dukani ukinunua mfuko wa mbolea. Sehemu kubwa ya naitrojeni anayokula nguruwe haibaki mwilini mwake. Hutoka, na nyingi hupitia kwenye mkojo. Fosforasi iliyomo kwenye pumba na nafaka nayo imefungwa kwa namna ambayo tumbo la nguruwe haliwezi kuifungua vizuri, hivyo hutoka na kinyesi.

Kwenye migomba, hiyo ni mali. Kisimani, ni hatari kwa mtoto.

Kuchemsha hakusaidii hapa

Mkojo na kinyesi vikiingia ardhini, vijidudu vya kwenye udongo hugeuza naitrojeni kuwa naitreti. Naitreti huyeyuka kabisa kwenye maji na kushuka nayo hadi kisimani. Haina rangi, harufu wala ladha.

Sisi wazazi tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na ni sahihi kwa sababu huua vimelea vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini naitreti si kimelea. Haifi kwa moto, haizuiwi na kitambaa cha kuchujia, na dawa ya klorini haiiondoi. Ukichemsha kwa muda mrefu, maji hupungua na naitreti hubaki ileile, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa na nyingi zaidi.

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, alieleza kitaalamu jinsi watoto wachanga walivyobadilika rangi na kuwa wa bluu baada ya kunyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Mwilini mwa mtoto, naitreti hugeuka na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Walio hatarini zaidi ni wachanga wa chini ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Maziwa ya mama ni kinga nzuri, maana naitreti anayokunywa mama haipiti kwa wingi kwenye maziwa yake. Kwa mtoto anayekunywa maziwa ya kopo, maji ya kisima kilicho karibu na banda yasitumike kabla hayajapimwa. Midomo na kucha zikigeuka bluu au kijivu, mpeleke hospitali mara moja.

Bondeni nako kuna watu

Kinachobaki juu ya ardhi hufuata mvua hadi mtoni na ziwani. Huko naitrojeni na fosforasi hurutubisha mwani na magugu. Vikifa na kuoza, hula oksijeni ya maji na samaki hukosa hewa. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanakumbuka gugu maji la miaka ya 1990 lilivyofunga mialo na kuzuia mitumbwi. Nguruwe pekee hawakulilisha: udongo unaomomonyoka, majitaka ya miji na mbolea za mashambani vyote vilichangia. Lakini kila banda linalomwaga mtoni linaongeza kijiko chake.

Ufaransa ilijifunza kwa gharama kubwa. Mkoa wa Bretagne, wenye zaidi ya nusu ya nguruwe wa nchi hiyo, umehangaika kwa miaka mingi na mwani wa kijani unaorundikana ufukweni kutokana na naitreti za mashambani. Ukioza hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Mwaka 2009 farasi alikufa kwenye ufukwe wa huko, na aliyekuwa amempanda akazirai.

Hatua za kuyatibu maji ya banda

Habari njema ni kwamba mfugaji mdogo anaweza kuanza na vifaa alivyonavyo.

Kwanza, koleo kabla ya ndoo. Zoa kinyesi kikiwa kikavu, ukiweke kwenye shimo la mboji pamoja na majani makavu au maranda, kisha ndipo uoshe. Utatumia maji machache, na fosforasi nyingi itakuwa tayari imeondoka kwenye maji.

Pili, tenga maji ya mvua. Weka mfereji wa bati ili mvua ya paani isiingie kwenye uchafu. Maji safi yakichanganyika na machafu, yote yanakuwa machafu na shimo linajaa haraka.

Tatu, shimo la kutuamisha. Elekeza maji kwenye shimo lililojengwa kwa saruji na kupigwa lipu, lisilovuja. Tope hutuama chini na maji mepesi husogea shimo la pili. Tope huzolewa na kupelekwa kwenye mboji.

Nne, mtambo wa biogesi kwa anayeumudu. Ndani yake, vijidudu visivyohitaji hewa hula uchafu na kutoa gesi ya kupikia. Taasisi ya CAMARTEC ya Arusha imesambaza mitambo ya aina hii kwa miaka mingi. Wengi hudhani kinachotoka kwenye mtambo kimekuwa maji safi. Harufu imepungua kweli, na moshi jikoni pia, lakini naitrojeni na fosforasi karibu zote bado zimo. Ukilimwaga tope hilo mtaroni, umepata gesi na bado umechafua mto.

Tano, kitanda cha mimea. Ni bwawa fupi lenye sakafu isiyovuja, lililojazwa kokoto na kupandwa matete, ambamo maji yaliyotuama hupita polepole. Karibu na mizizi kuna hewa, na vijidudu hugeuza naitrojeni kuwa naitreti. Pasipo hewa, vijidudu vingine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Matete hukatwa kila yanapokomaa, maana yakiachwa yaozee humo hurudisha yaliyochukua.

Sita, shamba. Maji na tope la mwisho vipelekwe kwenye migomba, majani ya tembo au mahindi, kwa kiasi, sehemu tofauti kila mara. Usimwage mvua kubwa ikinukia, maana itasomba vyote. Usimwagilie mchicha, nyanya au kachumbari yoyote ya kuliwa mbichi, kwa sababu mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara huweza kubaki hai.

Watoto na mashimo

Shimo la samadi lifunikwe kwa mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua, na lizungushiwe uzio. Mtu mzima naye asiingie shimoni kuzibua au kuokota ndoo. Gesi za humo huangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Tumia mti mrefu au kamba ukiwa nje.

Kagua nyumbani kwako

Jumamosi hii fuata maji ya banda lako kwa miguu mpaka yanapoishia. Pima umbali hadi kisimani: wataalamu wengi hutaja angalau mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kama uko karibu na mto au ziwa, kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Kisha peleka sampuli ya maji ya kisima kwenye maabara ya ubora wa maji iliyo chini ya Wizara ya Maji, uombe yapimwe naitreti.

Kama kisima kinatumiwa na majirani, wape majibu ya kipimo. Watoto wao wanakunywa maji hayohayo.