Jicho Linalowaka Upya Baada ya Kuwekewa Lenzi

Bakteria aina ya Cutibacterium acnes, wale wale wanaohusishwa na chunusi, huishi kwenye ngozi na kope bila kuleta shida. Wakipenya ndani ya jicho wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho, hujificha katika kifuko chembamba kinachoshikilia lenzi bandia. Humo oksijeni ni haba na kinga ya mwili haiwafikii kwa urahisi, basi huzaliana taratibu mno. Maambukizi ya ghafla hujitokeza ndani ya siku chache. Haya sugu huanza baada ya wiki 6 au zaidi, pengine miezi mingi, mgonjwa akiwa alishasahau kuwa alipasuliwa.

Dalili zake ni za kinyonge: ukungu, wekundu kidogo, mwanga kuumiza, maumivu machache. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Hali hiyo hufanana na uveitisi, yaani uvimbe wa tabaka la kati la jicho, na mgonjwa huandikiwa matone ya steroidi. Jicho hutulia. Matone yakipunguzwa, uvimbe hurudi, na kila unaporudi dawa huzidi kupungukiwa nguvu. Mwenendo huo peke yake, kwa jicho lenye lenzi bandia, unatosha kuzua shaka.

Kipimo cha kwanza ni cha macho ya daktari kupitia darubini, ila mboni ipanuliwe vya kutosha. Kinachotafutwa ni baka jeupe kwenye kifuko, mara nyingi pembezoni, ambako irisi hulifunika mboni isipopanuka. Baka si hukumu: mabaki ya lenzi ya asili nayo huwa meupe na huleta uvimbe. Fangasi, Staphylococcus epidermidis, kifua kikuu, kaswende, hata lenzi inayosugua irisi, vyote hufikiriwa.

Uthibitisho hutoka maabara. Huchukuliwa majimaji ya mbele ya jicho, ute wa nyuma, na ikiwezekana kipande cha kifuko chenyewe, maana ndicho maskani ya vimelea. Sampuli huoteshwa pasipo oksijeni kwa siku 14 hivi, na kipimo cha PCR husaidia pale pasipoota kitu. Fomu ya kuomba kipimo isiyotaja muda huo huponza: sahani hutupwa mapema, na jibu la "hakuna vimelea" likarudi kwa jicho lenye vimelea.

Kwa upande wa tiba, dawa ya kuua bakteria ya vankomaisini ikidungwa ndani ya jicho bila upasuaji, ugonjwa mara nyingi hurudi. Baadhi ya macho hayaponi mpaka kifuko na lenzi vitolewe.