Mizani Iko Mkononi mwa Nani?

Mama akipeleka mihogo yake sokoni hutazama kwanza mizani, kisha fedha. Ajua ya kuwa mwenye mizani aweza kumwibia mchana, mbele ya watu wote, bila kuvunja mlango wala kushika silaha. Katika nchi yetu ya Kongo habari ya mizani hiyo ni ya zamani, wala haijaisha.

Tangu mwaka 1885 hata 1908 Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji. Serikali yake watu waliiita Bula Matari. Ulaya ilitaka mpira kwa magurudumu ya baisikeli na motokaa, na mpira huo ulitoka katika mimea itambaayo ya msituni kwetu. Katika eneo la kampuni ya Abir, upande wa Ekwateri, kila mwanamume alitakiwa kuleta karibu kilo 4 za mpira mkavu kila siku 15. Mpira ulipimwa kituoni, na mpimaji ni mtu wa kampuni, ambaye faida yake iliongezeka kwa kadiri ya mpira uliopatikana. Uzito ukipungua, mtu alipigwa fimbo ya kiboko, au mke wake alifungwa hata mpira utimie. Askari waliua watu vijijini, wakakata mikono ili kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 mmisionari mmoja, Bibi Alice Seeley Harris, alipiga picha ya baba aitwaye Nsala, ameketi kimya akitazama mkono na mguu wa binti yake.

Je, hapakuwa na sheria? Ilikuwako. Amri ya mwaka 1903 ilisema kwamba kazi hiyo isipite saa 40 kwa mwezi. Lakini sheria ilihesabu saa, na kituo kilihesabu kilo. Mtu aliyelala msituni siku nyingi akitafuta mpira, nani aliziandika saa zake?

Ukweli ulifichuliwa na watu waliosoma hesabu. Bwana Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona huko Antwerp kwamba meli zaja kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na kurudi zimebeba hasa askari, bunduki na risasi. Akatambua kwamba biashara ya namna hiyo si biashara. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Myezuiti, aliandika kitabu cha kulaumu utawala huo; tusisahau lakini kwamba wengi, hata katika misioni, walikuwa wamenyamaza. Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Jina lilibadilika, lakini mwenye mizani alibaki mwenye nguvu. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Lubumbashi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei. Askari wakawapiga risasi, na makumi wakafa.

Sasa twende Kolwezi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka Kongo, nayo huingia katika betri za simu na za motokaa za umeme. Sehemu yake huchimbwa na watu wenye nyundo na koleo tu. Mwezi wa Januari 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na Afrewatch, lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wachimbaji, wakiwamo watoto. Watoto hao waliokota mawe, wakayaosha mtoni, wakabeba mifuko mizito, hata saa 12 kwa siku, kwa franka 1,000 au 2,000. Tena walisema kwamba mnunuzi ndiye apimaye uzito na ubora wa mawe, wala wao hawana njia ya kuhakikisha.

Mnaona, wasomaji? Hakuna mkono uliokatwa, wala hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Lakini mpimaji ni yule yule anunuaye. Na sheria leo pia iko: ile ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto yakataza kazi za namna hiyo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na sheria isiyofika penye mizani haimnyang'anyi kisu chake.

Basi tufanye nini? Wachimbaji wakiungana katika ushirika, wadai kwanza mizani yao wenyewe, na mtu wao wa kuisoma. Serikali ipeleke wakaguzi mahali mawe yanunuliwapo, si ofisini tu. Wazazi, mtoto aletaye franka 1,000 jioni atakapokua atabaki kusimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Nanyi wanafunzi, mnaponung'unika kwa sababu ya hesabu za kilo na gramu, mkumbuke Bwana Morel na vitabu vyake vya meli. Jifunzeni kupima, kisha mpimieni na jirani asiyejua.