Riwaya «Body»: misuli, kiu na kicheko kichungu katika hoteli moja ya Miami

Wanaonekana kuwa watu wenye nguvu kuliko wote katika hoteli. Mikono yao ni minene kama miguu ya watu wengine, na mishipa imetokeza juu ya ngozi kama kamba. Lakini wana njaa, wana kiu, na wengine wanatembea polepole kama watu waliotoka hospitalini juzi. Kocha amewakataza maji, kwa sababu maji yaliyo chini ya ngozi yanaficha misuli, na kesho ni siku ya kupanda jukwaani.

Ndivyo mwandishi Mmarekani Harry Crews anavyomwingiza msomaji katika «Body», riwaya yake iliyotoka kunako mwaka 1990. Tukio lote linafanyika Miami, katika hoteli inayoitwa Blue Flamingo, ambako wanawake wanaotunisha misuli wamekuja kushindania taji la Ms. Cosmos. Taji hilo ni la kubuniwa, hoteli pia. Mambo wanayoifanyia miili yao si ya kubuniwa.

Mhusika mkuu anaitwa Shereel Dupont, jina zuri lenye harufu ya Kifaransa. Si jina lake. Alizaliwa Dorothy Turnipseed, huko Waycross, mji mdogo wa jimbo la Georgia, na jina la ukoo wake kwa Kiingereza linamaanisha mbegu ya mboga. Kocha wake, Russell Morgan, ambaye watu wanamwita Russell Muscle, ndiye aliyembadilisha jina. Alipanga pia chakula chake, usingizi wake na kila tone la maji analokunywa. Akishinda Shereel, dunia itajua kwamba Russell ndiye aliyemtengeneza.

Halafu familia inafika. Baba, mama, kaka wawili, dada mnene sana anayeitwa Earline, na mchumba wa zamani, Nail Head, mwanaume aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na hasira ambayo haikuisha. Wote wanamwita Dorothy mbele ya watu. Hawaelewi kwa nini binti yao karibu anasimama uchi mbele ya wageni, tena amekonda usoni na kuvimba mabegani. Crews anachekesha sana hapa, na kicheko chake hakichagui: wakaaji wa kijijini wanachekwa, na mabingwa wenye kujipaka mafuta wanachekwa vilevile. Lakini Dorothy ameondoka kwao akiwa hana mali yoyote isipokuwa mwili wake. Huo ndio alioupeleka sokoni, na sasa watu wawili, kocha na mchumba, wanaugombania kama shamba.

Mpinzani wake ni Marvella Washington, mwanamke Mweusi mwenye misuli mikubwa zaidi. Shereel ni mdogo kuliko yeye, lakini kila kiungo chake kimelingana na kingine. Majaji wachague nini: ukubwa ao ulinganifu?

Swali hilo Crews hakulitunga mwenyewe. Mashindano makubwa ya kweli, Ms. Olympia, yalianza 1980, na mshindi wa kwanza, Rachel McLish, alikuwa na umbo jembamba. Kisha akatokea Bev Francis wa Australia, aliyetoka katika kunyanyua vyuma, mwenye misuli ambayo haikuwahi kuonekana kwa mwanamke jukwaani. Filamu ya mwaka 1985, «Pumping Iron II: The Women», inaonyesha majaji wa Las Vegas wakibishana mezani juu ya kiasi gani cha misuli mwanamke anaruhusiwa kuwa nacho. Francis alitoka wa nane. Mshindi alikuwa Carla Dunlap, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa katikati ya pande hizo mbili. Miaka ikapita na kipimo kikageuka tena: mwishoni mwa 2004, shirikisho la mchezo huo liliwaomba wanawake wapunguze misuli kwa asilimia 20. Baada ya 2014 Ms. Olympia ikasimamishwa, ikarudishwa 2020. Mwanamke anafanya kazi miaka kumi kwa kipimo fulani, kisha asubuhi moja anaambiwa kipimo si kile tena.

Crews mwenyewe alijua mwili unaoumizwa. Alizaliwa 1935 katika wilaya ya Bacon, Georgia, mtoto wa wakulima maskini, na baba yake alikufa yeye akiwa bado mchanga. Alipokuwa mtoto miguu yake ilipooza kwa muda mrefu. Alipopona, akaanguka katika maji ya moto wakati wa kuchinja nguruwe, akaungua vibaya. Katika kitabu cha utoto wake, kilichotoka 1978, anaeleza namna walivyoangalia picha za watu katika katalogi ya duka la Sears na kushangaa: watu wale hawakuwa na kovu, wala hakuna aliyekosa kidole, wakati karibu kila mtu aliyemjua kwao alipungukiwa na kitu fulani. Alifariki 2012.

Kitabu kina mapungufu. Marvella na dada zake wanaonekana kwa nje tu. Msomaji angependa kuingia chumbani kwao sawa vile anavyoingia kwa akina Turnipseed. Na mwisho unakuja haraka mno. (Anayetaka kukisoma bila kuujua, aishie hapa.) Majaji wanachagua ukubwa, Marvella anachukua taji, na Shereel, ambaye hawezi kurudi kuwa Dorothy, anajiua. Kurasa chache tu zilizopita msomaji alikuwa bado anacheka.

Katika hoteli hiyo hiyo, dada yake Earline amepata mapenzi. Billy Bat, mtunisha misuli aliyepima kila kipande cha nyama anachokula kwa miaka, anamwona msichana huyo mnene na kupagawa. Hamwombi apungue hata kilo moja.