Kuku Wanakoroma: Ni Kirusi Kipi?

Kuku wakianza kukoroma usiku bandani, mfugaji hukimbilia jina moja kati ya mawili: mdondo au mafua. Tatizo ni kwamba mdondo, bronkaitisi ya kuku na homa ya mafua ya ndege vyote huweza kuanza vivyo hivyo: chafya, machozi, kutweta. Mafua ya kuku, yale ya uso kuvimba na kamasi linalonuka, husababishwa na bakteria. Hayo ndiyo yanayosikia antibayotiki, virusi havisikii.

Zipo dalili za kuelekeza. Shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani hutia shaka ya mdondo. Mayai yenye maganda yaliyokunjamana na ute mwepesi hutia shaka ya bronkaitisi. Lakini kundi lililochanjwa nusunusu huugua kidogo tu, na dalili hizo zikafifia. Hapo maabara ndiyo ya kuamua.

Sampuli nzuri hutoka kwa kuku aliyeanza kuugua juzi au jana. Aliyekwisha kukonda huenda kirusi kimeshamtoka, akabaki na madhara yake tu. Daktari wa mifugo hupitisha kijiti cha pamba kooni, kingine kwenye tundu la haja, kisha huvivunjia ndani ya vichupa vyenye maji ya kuhifadhia. Vichupa husafirishwa kwenye barafu, karibu nyuzijoto 4, wala si kwenye friza ya jikoni.

Kipimo cha PCR husaka chembe za urithi za kirusi na hutoa jibu ndani ya saa chache. Ila chanjo hai za mdondo, kama La Sota na I-2, nazo ni virusi vya mdondo, vile visivyo vikali. Kuku aliyechanjwa wiki iliyopita anaweza kuonekana ana mdondo ilhali ana chanjo tu. Ili kuvitenganisha, wataalamu husoma kipande cha jeni ya F: mahali protini ya kirusi inapokatwa ili kiweze kuingia kwenye seli. Protini ya kirusi kikali hukatika karibu katika kila kiungo cha mwili. Ya kirusi cha chanjo hukatika zaidi kwenye njia ya hewa na utumbo. Njia nyingine ya kutambua ugonjwa, ingawa peke yake haitenganishi kirusi kikali na chanjo, ni kupima damu mara mbili, wiki mbili hadi tatu zikipita katikati, kuona kama kingamwili zimepanda.

Kwa hiyo fomu ya sampuli ina uzito sawa na kijiti. Andika umri wa kuku, siku walipoanza kuugua, mayai yalivyopungua, na zaidi ya yote jina na tarehe ya chanjo ya mwisho. Vifo vikiwa vingi kwa ghafla, usipasue mzoga wala kuuza waliobaki: mwite afisa mifugo, maana homa ya mafua ya ndege huweza kumwambukiza binadamu.