Kwa Nini Tone la Dawa Huacha Duara

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamelelewa na kahawa. Hapa Ruanda, kama sehemu nyingi za Mbozi, sare, madaftari na nauli zetu hutoka katika mibuni. Msimu uliopita babu yangu alinyunyizia mibuni yake dawa ya mrututu na chokaa, lakini majani yakapata kutu hata hivyo. Babu alisema dawa ilikuwa mbovu. Mimi nilichukua jani moja nikalitazama kwa kioo cha kukuzia, nikaona kwamba kila tone lilikuwa limeacha duara la buluu, na katikati hapakuwa na kitu. Basi nikataka kujua sababu.

Jambo hilo hilo waweza kuliona mezani. Dondosha tone la kahawa, uliache likauke. Litaacha pete nyeusi ukingoni, na katikati patakuwa peupe. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza sababu yake. Ukingo wa tone hushika mahali pake wala haurudi nyuma. Tena hapo ukingoni tone ni jembamba, na maji hukauka upesi kuliko katikati. Ndipo maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, yakichukua chembe zote njiani kama mto uchukuavyo mchanga.

Kwa kahawa ya mezani si kitu, lakini kwa dawa ni hasara. Kutu ya majani ni aina ya kuvu. Mbegu zake, zilizo ndogo kama vumbi, huota penye maji upande wa chini wa jani, kisha huingia kwa vitundu ambavyo jani hupumulia. Shaba iliyomo katika mrututu huziua kabla hazijaingia. Zikishaingia, tumechelewa. Kwa hiyo mahali patupu katikati ya duara ni mlango ulio wazi.

Dawa hii ni ya zamani. Mfaransa Millardet aliitangaza mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu ya Bordeaux. Baadaye wakulima wa ng'ambo walizoea kutia ndani yake kasini, yaani protini ya maziwa, ili dawa itandae na kushika. Protini ni nyuzi ndefu. Sehemu zake nyingine hupenda maji na nyingine huyakimbia. Kwa hiyo hujikusanya juu ya uso wa tone, na pia huzivika chembe za dawa. Tone hulegea na kutandaa, na chembe hushikamana zisikimbilie zote ukingoni.

Kwa msaada wa mwalimu wetu wa kemia, nilidondosha matone ya dawa hiyo juu ya vioo vitatu. Cha kwanza kilikuwa na dawa tupu, kikaacha pete. Katika cha pili nilitia maziwa kidogo yaliyoondolewa malai; pete ikawa hafifu, na rangi ikabaki katikati pia. Katika cha tatu nilizidisha maziwa; dawa ikafanya utando mzito uliopasuka kama tope la kiangazi. Hivyo kipimo ni muhimu.

Hata hivyo, kioo si jani, kwa maana jani lina nta. Tena nilipomwuliza babu, alisema alinyunyizia kwa juu tu, na kutu huingia kwa chini. Basi huenda makosa yalikuwa mawili, na dawa haikuwa mbovu hata kidogo. Wenye mibuni iliyozeeka wasisahau pia kwamba kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kiko karibu nasi, pale Mbimba, na taasisi hiyo imetoa aina za mibuni zinazostahimili kutu.

Likizo ijayo babu amekubali kunipa mibuni sita. Mitatu nitainyunyizia dawa tupu, na mitatu dawa yenye maziwa, yote juu na chini ya majani. Nitakayoyaona nitawaleteeni katika toleo lijalo, hata kama babu ndiye atakayeshinda.